Kadi ya Siye Huyu

Alfajiri pikipiki ilikataa kuwaka.
Niliipiga teke, nikaibembeleza, nikaimwagia injini maji ya moto,
mwisho nikaazima farasi wa Gombosuren, yule mwenye jicho moja,
nikaufunga mkoba wa kazi tumboni, ndani ya koti,
kama mjamzito wa uzeeni.
Si mzaha: mashine ya presha ikipigwa na baridi hudanganya,
nami sivuki Gobi kwenda kupima uongo.

Kilomita thelathini na moja. Theluji haikuwa nyingi,
ilikuwa ngumu tu, ikikatika chini ya kwato kama sukari guru.
Nilikuwa nahesabu: leo siku ya tisa tangu Narmandakh ajifungue.
Siku ya tatu nilimkuta kageukia ukuta.

Mbwa walinipokea kabla ya watu.
Ndani ya hema la sufu jiko lilinguruma kwa mavi makavu ya ng'ombe,
supu ya mzazi imefunikwa,
na mama mkwe akanipa chai ya maziwa na chumvi
kwa mikono miwili, bila neno,
maana mgeni apashe vidole kwanza ndipo aguse mwana wa watu.

Presha: mia na kumi kwa sabini.
Joto sawa. Damu inapungua, haina harufu.
Titi la kushoto gumu, jekundu ubavuni;
nikamwonyesha namna ya kulikanda kwa kitambaa cha moto,
na mtoto kumweka hivi, kidevu kiguse, mdomo upanuke.
"Unalala?" "Nalala."
"Unakula?" "Nakula."
Majibu ya mtu anayefunga mlango polepole
ili usisikie komeo.

Mwaka jana, mwezi kama huu, nilikuja kwa njia hii hii
na mizani hii hii, nikachelewa siku mbili.
Kifua. Wiki tatu tu za duniani.
Kadi yake bado ninayo, sijaweza kuirudisha ofisini.
Hilo hatukulisema. Lilikaa nasi, likanywa chai.

Nikatundika mizani kwenye boriti ya paa.
Mtoto akaning'inia katika kitambaa, kakunja uso
kama karani aliyeombwa mhuri saa ya chakula.
Kilo tatu, gramu mia sita na arobaini.
"Nisomee," akasema mama, bado ukutani.
Nikasoma.
"Tena."
Nikasoma tena.
Ya tatu akageuka, akasoma mwenyewe.

Kadi inauliza jina.
Wino umeganda, nikaipulizia kalamu pumzi.
Bibi akachovya kidole kwenye masizi, akampaka mjukuu kipajini,
akatamka kwa sauti ya kusikiwa na walioko nje:
"Enebish."
Yaani, siye huyu.
Anayemtafuta mtoto wa nyumba hii
amekosea hema. Apite.

Nilisoma miaka minne mjini. Najua bakteria, najua chanjo,
najua dalili zote za hatari, niamshe usiku nikutajie.
Niliandika ENEBISH, kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini.
Kisha nikawaachia namba ya gari la wagonjwa,
nikawaonyesha kilima ambako mtandao hushika,
nikamwambia Batsuuri, aliyekuwa mlangoni akijifanya anashona hatamu:
mtoto akipumua mbiombio, mbavu zikibonyea ndani,
usingoje kupambazuke.
Rudia.
Akarudia, sindano imesimama hewani.

Wiki iliyofuata karani wa wilaya akanipigia:
"Dulamsuren, huyu Siye Huyu ni nani basi?"
"Wewe andika uzito," nikamwambia.
Akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa niko njiani tena, juu ya farasi yule yule.
Mkoba tumboni, upande wa jicho bovu upepo.
Leo siku ya ishirini na mbili.